Kimeng'enya Kilichopimwa Miaka Sabini Kabla ya Kueleweka

Mwaka juzi baba yangu mdogo aliugua mgongo. Kwa miezi mingi sote tuliuita "mgongo wa uzee". Alikuwa na miaka 68, ameshinda maisha yake yote kwenye ujenzi akiwa fundi mwashi, na fundi mwashi gani asiyelalamika mgongo? Alichuliwa kwa mafuta, akanywa dawa za maumivu za dukani, akabadilishiwa godoro. Siku alipopimwa vizuri, jibu halikuwa la mgongo hata kidogo. Ilikuwa saratani ya tezi dume, na ilikuwa imeshafika kwenye mifupa.

Kilichomshtua zaidi hakikuwa jina la ugonjwa. Ni tiba aliyoshauriwa, yaani kuondolewa korodani. Jioni ile aliniita pembeni, mbali na mama mdogo na watoto, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea mambo haya ya miili. Niambie ukweli. Mimi naumwa mgongo. Hawa wanataka kukata huku chini kwa nini?"

Nilibabaika. Nina shahada ya uzamili ya biokemia, na jibu la kitabuni nilikuwa nalo: saratani hii hustawi kwa homoni ya kiume, na homoni hiyo kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwenye korodani. Nikamwambia hivyo. Akaniangalia, akauliza swali ambalo hakuna mtihani ulionitayarisha kulijibu: "Sawa. Na wao walijuaje?"

Usiku ule nilianza kusoma. Nilikuta kwamba jibu la "walijuaje" linapitia kwenye kimeng'enya kimoja cha tezi dume, na kwamba historia ya kimeng'enya hicho ni ndefu na ya kushangaza kuliko nilivyodhani. Twende nayo pole pole.

Kifahamu kwanza

Tezi dume ni tezi ndogo, kwa kijana mzima ina ukubwa unaokaribia ndimu. Imekaa chini ya kibofu cha mkojo, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Ndiyo maana ikivimba, mzee hukojoa kwa shida. Kazi yake kubwa ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa.

Ndani ya majimaji hayo kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini. Kimoja wapo kazi yake ni kung'oa fosfati kutoka kwenye molekuli nyingine. Usiidharau kazi hiyo. Mwilini, kubandika au kubandua fosfati mara nyingi ni kama kuwasha na kuzima swichi: protini ile ile ikibandikwa fosfati inaamka, ikibanduliwa inalala, au kinyume chake. Vimeng'enya vya kubandua vinaitwa fosfatesi. Hiki chetu hufanya kazi vizuri zaidi kwenye mazingira yenye uasidi, kwa hiyo jina lake kamili ni fosfatesi ya asidi ya tezi dume. Wataalamu duniani kote wamezoea kukiita kwa herufi tatu, PAP. (Tusichanganye: hakina uhusiano wowote na kipimo cha Pap cha shingo ya kizazi, ambacho jina lake linatokana na daktari Papanicolaou.)

Mwaka 1935, watafiti wawili wa Ujerumani, Kutscher na Wolbergs, waliripoti kwamba tezi dume ya binadamu na shahawa zimejaa fosfatesi hii kupita kiasi. Ilikuwa habari ya kikemia tu. Ingeweza kubaki kwenye jarida lile mpaka leo, ikisomwa na watu watatu.

New York: kitu cha tezi dume kinafanya nini kwenye mfupa?

Wakati huo huo, katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walikuwepo mume na mke: Alexander Gutman, daktari, na Ethel Benedict Gutman, mwanakemia. Wao hawakuwa wakishughulika na tezi dume. Walikuwa wakichunguza magonjwa ya mifupa, wakipima fosfatesi ya aina nyingine, ile inayopenda mazingira ya alikali, ambayo huongezeka pale mfupa unapojijenga.

Mwaka 1936, pamoja na mwanapatholojia Edith Sproul, walichunguza mifupa ya wagonjwa waliokuwa na saratani ya tezi dume iliyosambaa. Mahali ambapo saratani ilikuwa imeweka makazi kwenye mfupa, walikuta fosfatesi ya asidi kwa wingi. Hebu tafakari hilo. Mfupa wa kawaida hauna sababu ya kubeba shehena kubwa ya kimeng'enya hicho. Maelezo yaliyobaki ni kwamba seli zilizohamia pale zilikuwa bado zinafanya kazi ya kwao. Ni kama mtu aliyehama kijiji lakini anaendelea kupika chakula cha kwao: harufu inakwambia ametoka wapi.

Miaka miwili baadaye, 1938, Gutman na mkewe walitangaza hatua iliyofuata. Wanaume wengi wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa walikuwa na kiwango kikubwa cha fosfatesi ya asidi ndani ya damu. Sasa hukuhitaji tena kuchukua kipande cha mfupa, tone la damu lilitosha kunusa harufu ya jikoni. Hiki kilikuwa kimoja wa viashiria vya kwanza kabisa vya saratani kupimwa kwenye damu, na kwa miaka kama arobaini ndicho kilichotegemewa kwa saratani ya tezi dume.

Katika miaka hiyo hiyo waliona pia jambo ambalo lingekuja kuwa na maana kubwa: tezi dume ya mtoto ina kiasi kidogo sana cha kimeng'enya hiki, na kiasi hupanda mvulana anapobalehe. Wakampa tumbili mchanga homoni ya kiume, na tezi yake ikaanza kutengeneza kimeng'enya kwa kiwango cha tumbili mzima. Kwa maneno mengine, PAP hutii amri ya testosteroni.

Chicago: kimeng'enya kinageuka kipimajoto

Hapa ndipo anapoingia Charles Huggins. Alizaliwa Halifax, Kanada, mwaka 1901, na alikuwa daktari wa njia ya mkojo katika Chuo Kikuu cha Chicago. Huggins alikuwa akifuga mbwa maabara. Kwa nini mbwa? Kwa sababu mbwa ni miongoni mwa wanyama wachache ambao, kama sisi, hupata uvimbe wa tezi dume wenyewe wakizeeka. Aliona kwamba mbwa mzee mwenye uvimbe akihasiwa, uvimbe hunywea.

Je, kwa binadamu ingekuwa hivyo? Na hasa, je, saratani yenyewe, ambayo wengi wakati ule waliiamini kuwa ni seli zilizoasi kabisa, inaweza kusikiliza homoni? Tatizo lilikuwa namna ya kujua. Saratani imejificha ndani ya mifupa ya mtu aliye hai, huioni. Ukimpa tiba leo, utajuaje wiki ijayo kama kuna kilichobadilika, zaidi ya mgonjwa kukwambia "naona nafuu" kwa sababu anataka kukufurahisha daktari?

Jibu lilikuwa kwenye karatasi ya Gutman. Mwaka 1941 Huggins na mwanafunzi wake Clarence Hodges walichapisha matokeo yao. Waliwapima wanaume waliokuwa na saratani ya tezi dume iliyosambaa, wakaangalia fosfatesi kwenye damu zao siku baada ya siku. Mgonjwa akiondolewa korodani, fosfatesi ya asidi ilishuka. Akipewa homoni ya kike, estrojeni, ilishuka pia. Akichomwa sindano ya homoni ya kiume, ilipanda. Juu, chini, juu, kama zebaki kwenye kipimajoto.

Na haikuwa namba tu. Baadhi ya watu waliokuwa wamelala kitandani kwa maumivu ya mifupa walipata nafuu ndani ya siku chache, wakarudisha hamu ya kula, wakaongezeka uzito.

Huo ulikuwa uthibitisho wa kwanza ulio wazi kwamba saratani iliyokwisha kusambaa inaweza kudhibitiwa kwa kuchezea homoni. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, akigawana na Peyton Rous. Lakini pia alikuwa wa kwanza kukiri mipaka ya kazi yake: kwa wagonjwa wengi saratani hurudi baada ya muda, kwa sababu baadhi ya seli hujifunza kuishi na homoni kidogo sana.

Basi, kama baba mdogo angeniuliza leo "walijuaje", ningemwambia hivi: kuna watu waliona kitu cha tezi dume kikiwa ndani ya mfupa unaouma. Mwingine akaona kitu hicho kinapungua kwenye damu pale korodani zinapoondolewa, na maumivu ya mfupa yanapungua nacho. Mgongo wake na "huku chini" viliunganishwa na kimeng'enya.

Na si historia iliyolala makumbusho. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume, na wengi hufika hospitali imeshasambaa. Siku hizi kuna sindano zinazozima homoni bila upasuaji, lakini lazima zirudiwe kila mwezi au kila baada ya miezi kadhaa, na zina gharama. Upasuaji hufanywa mara moja tu. Ndiyo maana mzee wa hapa kwetu, leo hii, bado anaweza kupewa tiba ile ile ya Chicago ya mwaka 1941, na si kwa sababu daktari hajui mambo ya kisasa.

Mahakamani

Kabla hatujaendelea, kuna kazi moja zaidi ambayo kimeng'enya hiki kilipewa. Kwa kuwa shahawa zina PAP nyingi mno, kuanzia miaka ya 1940 wataalamu wa uchunguzi wa jinai walianza kuitumia kutafuta alama za shahawa kwenye nguo na shuka, hasa katika kesi za ubakaji. Unapaka kemikali, na kama fosfatesi ipo rangi inatokea.

Kipimo hiki kinaendelea kutumika, ila kwa tahadhari. Fosfatesi za asidi zipo pia kwenye majimaji ya ukeni na hata kwenye baadhi ya mimea, koliflawa ikiwemo. Kwa hiyo rangi ikitokea, maana yake ni "tafuta zaidi hapa". Haimaanishi "tumemkamata". Shikilia sentensi hiyo, maana inakuja tena.

Mtego wa namba

Kipimo cha damu cha PAP kilikuwa na usumbufu wake. Chembe nyekundu za damu nazo zina fosfatesi ya asidi ya aina yao, hivyo damu ikiharibika kidogo kwenye chupa, majibu yanadanganya. Mwishoni mwa miaka ya 1940 iligundulika kwamba kemikali ya tatrati huzima PAP lakini haizimi ile ya chembe nyekundu, na hapo wakapata namna ya kuzitenganisha. Tena PAP yenyewe ni dhaifu: sampuli ikiachwa mezani kwenye joto, nguvu yake inapotea. Kwa maabara zetu ambazo umeme hukatika, unaweza kufikiria ingekuwaje.

Shida kubwa zaidi ilikuwa kwamba kipimo kiliona saratani ikiwa imeshachelewa. Kwa hiyo mwaka 1977, kundi la watafiti wa Marekani lilipotangaza kipimo kipya kinachotumia kingamwili badala ya kupima nguvu ya kimeng'enya, dunia ilisisimka. Kipimo hiki kiliweza kugundua takriban theluthi moja hata ya wagonjwa waliokuwa hatua ya kwanza. Watu wakaanza kusema: basi tuwapime wanaume wote!

Mwaka 1980, Watson na Tang waliandika makala fupi iliyouliza swali rahisi: ukiwapima wanaume wote, kati ya watakaoambiwa "kipo juu", wangapi wana saratani kweli?

Tupige hesabu wenyewe kwa mfano wa kubuni. Chukua wanaume 10,000, tuseme 50 kati yao wana saratani. Kipimo chetu kinakamata 70 katika kila wagonjwa 100, na kinawasingizia watu 6 katika kila wazima 100. Si kipimo kibaya, au siyo? Sasa: kati ya wagonjwa 50, kitakamata 35. Kati ya wazima 9,950, kitawasingizia 597. Jumla ya walioambiwa "kipo juu" ni 632, na wenye saratani ni 35 tu. Yaani mtu mmoja katika kila kumi na wanane! Wengine wote watakosa usingizi bure, na baadhi watatobolewa sindano bure.

Hoja ya Watson na Tang ndiyo hii: kipimo kinachomsaidia daktari kumfuatilia mgonjwa anayejulikana kinaweza kushindwa vibaya kikipelekwa kwa umma mzima. Namba ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anayepimwa.

Muda si mrefu PAP ikapata mpinzani. Mwaka 1979 watafiti wa Buffalo, Marekani, walisafisha protini nyingine ya tezi dume, PSA. Nayo ni kimeng'enya, kazi yake ni kukatakata protini zinazogandisha shahawa ili ziwe majimaji na mbegu ziweze kuogelea. Mwaka 1987 Thomas Stamey na wenzake walivilinganisha viwili hivyo wakaonyesha kwamba PSA huona zaidi na mapema zaidi. PAP ikasukumwa kando. Lakini PSA ilirithi pia mtego ule ule: hupanda kwa saratani, hupanda kwa uvimbe wa kawaida wa uzeeni, hupanda kwa maambukizi. Mjadala wa kupima au kutopima kila mwanaume haujaisha mpaka leo. Ukiona PSA imeandikwa kwenye karatasi yako, kumbuka ile rangi ya mahakamani: "tafuta zaidi hapa".

Kumbe kilikuwa breki

Ungedhani baada ya hapo PAP ilistaafu. Kinyume chake, ndipo mambo yalipoanza kunoga, kwa sababu watu walianza kuuliza swali lililorukwa: kimeng'enya hiki chenyewe kinafanya nini?

Kwa miaka mingi, kwa kuwa kilikuwa juu kwenye damu ya wagonjwa, ilikuwa rahisi kukiangalia kama mtu wa genge la saratani. Lakini walipochungulia ndani ya seli zenyewe, walikuta kinyume. Ndani ya seli za saratani ya tezi dume, PAP mara nyingi ni pungufu kuliko ndani ya seli nzima. Damu ina nyingi kwa sababu kuta zimebomoka na kimeng'enya kinavuja kuingia kwenye damu, badala ya kupita njia yake ya kawaida kwenda kwenye shahawa. Tena mzigo wa seli za saratani ni mkubwa, kwa hiyo hata kila moja ikitoa kidogo, jumla ni kubwa.

Kazi za maabara ya Ming-Fong Lin huko Nebraska zilionyesha kinachoendelea. PAP iliyo ndani ya seli hubandua fosfati kutoka kwenye protini iitwayo HER-2, moja ya swichi zinazoiamuru seli ikue na kugawanyika. Fosfati ikibanduliwa, swichi inazimwa. PAP ikipotea, swichi inabaki imewashwa, na seli inaweza kuendelea kukua hata homoni ya kiume ikipunguzwa. Mwaka 2013 watafiti waliokuwa na panya walioondolewa jeni ya PAP waliripoti kwamba panya hao hupata saratani ya tezi dume.

Kumbe kitu tulichokipima miaka yote kama kengele ya hatari, ndani ya seli kilikuwa breki. Tulikuwa tunapima vipande vya breki vilivyodondoka barabarani.

Katikati ya hayo, wengine waliona kwamba protini inayopatikana karibu kwenye tezi dume peke yake inaweza kuwa shabaha. Mwaka 2010 Marekani iliidhinisha tiba iitwayo sipuleucel-T. Mgonjwa hutolewa seli zake za kinga, seli hizo hufundishwa maabara kuitambua PAP, kisha hurudishwa mwilini. Katika jaribio la wanaume 512, waliopata tiba waliishi wastani wa miezi 25.8, na ambao hawakuipata miezi 21.7. Ni miezi minne, na bei ilikuwa dola 93,000. Huku kwetu ni hadithi ya kusoma tu, lakini ilikuwa chanjo ya kwanza ya kutibu saratani kuidhinishwa nchini humo.

Ulm: walitafuta kinga, wakapata kinyume

Mwaka 2007, kundi la Ujerumani likiongozwa na watafiti kutoka Ulm na Hannover lilichambua shahawa likitafuta kitu kinachozuia VVU. Walikuta kitu kinachoisaidia. Kilikuwa kipande kifupi cha PAP, chenye asidi amino 39 tu. Vipande hivi hujipanga na kushikana kuwa nyuzi ndogo sana. Nyuzi hizo zina chaji chanya, wakati uso wa kirusi na uso wa seli vyote vina chaji hasi na vinasukumana. Nyuzi zinakaa katikati na kuwaunganisha, kama dalali. Maabara, pale virusi vilipokuwa vichache sana, nyuzi hizi ziliongeza uambukizaji mara maelfu.

Kwa sisi tunaoishi Afrika Mashariki, habari hii si ya mbali. Baadaye watafiti wa kundi hilo hilo walionyesha kwamba baadhi ya dawa za kupaka zilizokusudiwa kuwakinga wanawake hupungua nguvu maabara zikichanganywa na shahawa. Ni sababu moja inayotukumbusha kwamba dawa ifanyayo vizuri kwenye kisahani inabidi ijaribiwe katika hali halisi ya watu. Lakini tusichukue fundisho lisilokuwepo: kondomu inazuia, dawa za kumeza za kinga zinafanya kazi, na mtu anayetumia ARV vizuri mpaka virusi havionekani kwenye damu hamwambukizi mwenza wake. Nyuzi hizi hazibadilishi hayo.

Na kwa nini mwili utengeneze kitu kama hicho? Utafiti wa baadaye unaonyesha nyuzi hizo huwanasa bakteria na mbegu za kiume zilizoharibika, ili ziondolewe haraka. Yaani ni wafagizi. VVU ilidandia gari la taka.

Na mgongo, je?

Nimeiweka hii mwisho kwa makusudi.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wanasayansi wa neva walijua kwamba baadhi ya neva zinazobeba maumivu kwenda uti wa mgongo zina fosfatesi ya asidi. Waliitumia kama rangi ya kuchorea ramani ya neva hizo kwenye darubini. Hakuna aliyejua ni ya nani. Mwaka 2008, Mark Zylka wa Chuo Kikuu cha North Carolina, akishirikiana na kundi la Pirkko Vihko wa Finland, walionyesha kwamba fosfatesi hiyo ni PAP. Ndiyo, ya tezi dume, na ipo kwenye neva za wanaume na wanawake.

Inafanya nini pale? Ileile kazi yake: inabandua fosfati. Neva au seli zikiumia hutoa molekuli zenye fosfati, na PAP huigeuza mojawapo kuwa adenosini. Adenosini hutuliza neva. (Ni hiyo hiyo ambayo kahawa huizuia ili tukeshe.) Panya wasio na PAP waliumia zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Panya waliochomwa PAP kwenye uti wa mgongo walipata utulivu wa hadi siku tatu kwa dozi moja, wakati dozi moja ya mofini ilidumu kama saa tano.

Bado hakuna dawa ya maumivu hospitalini iliyotokana na ugunduzi huo. Panya si mtu, na sindano ya uti wa mgongo si panadoli. Lakini hesabu miaka: 1938 hadi 2008. Miaka sabini tulikipima kimeng'enya hiki kwenye damu ya watu wanaolia kwa maumivu ya mifupa, bila kujua kwamba kwenye neva zao hizo hizo kilikuwa kikipunguza maumivu.

Mimi, kama mwanafunzi, hilo ndilo nililoondoka nalo. Kupima si kujua. Namba ilitusaidia sana: bila namba, Huggins asingeona kitu. Lakini namba ilitushibisha pia. Tuliona inapanda na kushuka, tukaridhika, na swali la "kazi yako ni nini?" likasubiri.

Baba mdogo alikubali upasuaji. Haikuwa rahisi. Ilibidi mzee mwenzake, aliyefanyiwa hivyo hivyo miaka mitatu kabla, aje nyumbani wakae wawili barazani bila sisi. Maumivu yalipungua kwa kiasi kikubwa, sasa anatembea mpaka kwa kinyozi na kurudi. Kliniki anaendelea, na anajua kwamba ugonjwa unaweza kurudi. Nilipomsimulia habari ya PAP kwenye neva alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo kitu cha huku chini kilikuwa kinanituliza mgongo?" Nikamwambia, kwa namna fulani, ndiyo, baba.

Alichoniuliza baada ya hapo sikuwa na jibu lake la kitabuni: kwa nini hakuna aliyemwambia, ile miezi yote ya kuchuliwa mafuta, kwamba mgongo wa mwanaume wa umri wake unaoendelea kuuma usiku na mchana unastahili kupimwa? Kama una mzee nyumbani mwenye mgongo wa namna hiyo, au anayekojoa kwa shida, usiuite uzee. Mpeleke. Na majibu yakitoka, muulize daktari namba ile inasema nini na haisemi nini.